Ampli ya elfu 75 ya TPA3116: nimeifungua upande wa inputi, haya ndo niliyoyakuta

Wakuu, hii ni riviu ya zile ampli ndogo nyeusi za bati zenye chipu ya kukuza sauti ya TPA3116 ambazo siku hizi zimejaa Kariakoo. Nazungumzia ile yenye kitufe kimoja tu cha voliumu mbele, nyuma ina matundu ya RCA, tundu la adapta na vibano vya waya za spika, ina Bluetooth pia. Jina la kampuni silitaji kwa sababu kiukweli halina maana, boksi hilo hilo utalikuta duka la pili lina jina jingine na duka la tatu jingine, ukifungua ndani bodi ni ile ile. Mi nimelipa elfu 75 pamoja na adapta ya 24V baada ya kuvutana na muuzaji aliyeanzia laki na ishirini.

Asiye na muda aondoke na hili: ilivyo toka dukani naipa 5 kwa 10. Ukiirekebisha upande wa inputi, kwa vitu ambavyo vyote havifiki elfu 15, naipa 8. Chipu yenyewe haina tatizo lolote, Texas Instruments wameiandikia wati 50 kila upande kwenye spika ya omu 4 ikipewa 21V na inafanya kazi vizuri tu. Walioharibu ni waliochora bodi, wameipa mlango mbovu wa kuingilia sauti.

Malalamiko yangu kwanza. Ukiwasha bila kuweka wimbo spika zinatoa shhhhh, usiku mtaa ukitulia unaisikia ukiwa umekaa kwenye kochi, na ukizungusha voliumu mpaka sifuri ile shhh iko pale pale, haipungui hata kidogo. Hapo kwenye kutopungua ndo pa kushika. Kelele ikipungua unaposhusha voliumu ujue inatoka kabla ya voliumu, isipopungua ujue inatoka baada yake, yaani kwenye chipu na geini iliyopewa (geini ni mara ngapi sauti inakuzwa). Bila hata kufungua skrubu moja umeshajua uanzie wapi. Halafu voliumu yenyewe, aisee, ukigusa kidogo tu chumba kizima kimejaa, ukifika nusu ni mikwaruzo mitupu, sasa hiyo nusu nyingine ya juu waliiweka ya nini sijui. Na pale chini kabisa unapotaka kusikiliza taratibu watoto wamelala, spika ya kushoto inaanza kuimba ya kulia bado kimya. La mwisho besi. Ukiweka singeli lile dundo linasikika kama mtu anagonga kadibodi, ukiweka rumba za zamani gita la besi lipo ila nyuzi za chini zote zimenyong'onyea. Spika sio tatizo, hizo hizo nikizihamishia kwenye ampli kubwa ya kaka yangu zinatikisa madirisha.

Basi nikafungua. Kitu kizuri cha hizi ampli ni kwamba umeme wa TANESCO unaishia kwenye adapta, ndani ni 24V tu, kwa hiyo hata anayejifunza anaweza kuchokonoa bila kuhatarisha maisha. Njia ya sauti ni fupi: RCA, kapasita, opampu (chipu ndogo inayoikuza sauti kwanza) ya miguu minane iliyoandikwa NE5532 iko kwenye soketi, halafu voliumu iliyoandikwa B50K, halafu kapasita ndogo za SMD (zile zinazolehemiwa juu ya bodi bila miguu) rangi ya kahawia, ndo unaingia TPA3116. Basi, hakuna kingine.

Nikaweka testa. Mguu wa 4 wa opampu ni graundi (sifuri ya umeme), mguu wa 8 nikapata karibu 16V, miguu ya 1 na 7 ambayo ndo sauti inatokea nikapata 8V, nusu yake, kama inavyotakiwa kwa opampu inayotumia umeme wa upande mmoja. Ile 24V inashuka mpaka 16 kwa kupita kwenye rezista moja ya 1k (omu elfu moja), na hapa kuna ujanja nawapa bure. Voltu 8 zikipotea kwenye 1k maana yake inapita kama miliampea 8, na NE5532 ya kweli hula karibu hizo hizo. Ingekuwa ni opampu ya 4558 iliyofutwa jina ikaandikwa 5532, na hizo ziko nyingi sana mtaani, ungekuta zimepotea voltu 3 au 4 tu kwa sababu 4558 inakula kidogo. Maandishi ya juu ya chipu mi siyaamini tena, naamini testa.

Sasa geini. TPA3116 ina mguu mmoja, wa 8, unaoamua sauti iongezwe mara ngapi, na kuna hatua nne tu: desibeli 20, 26, 32 na 36. Kinachochagua ni rezista mbili, moja inatoka mguu huo kwenda graundi, nyingine inakwenda mguu wa 7 ambao ndo wenye umeme wa ndani wa chipu. Kwenye bodi yangu nikakuta ya graundi imeandikwa 393, yaani 39k, na ya juu 104, yaani 100k. Hiyo ni desibeli 32, mara 40. Na kabla ya hapo opampu nayo ina rezista za 47k na 10k, inaongeza mara 5.7. Zidisha hizo mbili unapata mara 228! Ampli yenye adapta ya 24V mwisho wake ni kama 17V za sauti kwenye spika, hazivuki hapo hata ufanyeje. Gawa 17 kwa 228 utaona ukiiingizia hata sehemu ndogo ya voltu moja tu, 0.075, imeshafika ukingoni. Simu inatoa nusu voltu au zaidi, deki na CD zinaweza kufika 2V. Ndo maana voliumu ikifika robo ni kelele na ikifika nusu ni mikwaruzo, ampli inalazimishwa kupiga kelele ili dukani mteja aseme mmh hii ina nguvu. Hio ni biashara, wala sio ufundi.

Dawa ni kuishusha. Ya 104 inatolewa kabisa inabaki wazi, ya 393 inatolewa inawekwa 562, yaani 5.6k. Chipu inasoma desibeli 20, mara 10 tu. Kumbuka inasoma pale inapowashwa, ukibadilisha chochote izime uiwashe upya. Kwenye opampu nikatoa zile 47k mbili nikaweka 22k, ikawa mara 3.2. Jumla mara 32. Sasa simu ikitoa nusu voltu, spika zinapata 16V, yaani unafika karibu na mwisho wa ampli voliumu ikiwa karibu na mwisho wake pia, hivyo ndivyo inavyotakiwa. Wati hazijapungua hata moja, msije mkasema nimeiua nguvu, nguvu inatoka kwenye adapta, geini ni kasi ya kuifikia tu. Na ile shhh imeshuka kiasi kwamba lazima uweke sikio kwenye twita ndo uisikie.

Sasa utamu wenyewe uko hapa na sijaona watu wakiuongelea. TPA3116 ukibadilisha geini unabadilisha pia ugumu wa mlango wake, yaani ukinzani ambao sauti inaukuta inapoingia. Kwenye desibeli 36 mlango una omu elfu 9, kwenye 32 una elfu 15, kwenye 26 elfu 30, kwenye 20 unafika elfu 60. Mlango huo na kapasita iliyo mbele yake ndo vinaamua besi inakatwa wapi. Zile kapasita za kahawia nikazichomoa nikapima, ni 0.22 maikrofaradi. Kwa mlango wa elfu 15, besi inaanza kukatwa kwenye hezi 48! Nyuzi ya chini kabisa ya gita la besi iko kwenye hezi 41, kwa hiyo gita zima liko pale pale kwenye makali ya kisu. Mlango ukiwa elfu 60, kapasita ile ile, inakata kwenye hezi 12. Yaani kubadilisha kirezista kimoja kisichozidi shilingi mia kumeondoa kelele na kurudisha besi kwa wakati mmoja, bila kugusa kapasita. Hapo nilicheka peke yangu.

Kapasita nimebadilisha hata hivyo, lakini kwa sababu nyingine. Hizi ndogo za kauri thamani yake inayumba voltu iliyo juu yake ikiyumba, na kwenye masafa ya chini ndiko voltu nyingi inakaa juu ya kapasita, kwa hiyo uchafu wake unaingia kwenye besi. Nimeweka za filamu za 0.47, inakata kwenye hezi 6 hivi, inatosha na inabaki. Msiweke 10 kwa tamaa. Kapasita kubwa inachelewa kujaa wakati chipu inaamka, kila ukiwasha spika zinapiga DUB, hamna faida yoyote ya kusikia. Tena ziko nne sio mbili, kila upande una mguu chanya na mguu hasi, na ile ya mguu hasi inaonekana haina kazi kwa sababu imekwenda graundi tu, mafundi wengi wanabadilisha za chanya wanaacha za hasi. Zinatakiwa zilingane. Za filamu ni kubwa haziendi kwenye nafasi ya SMD, zisimamishe, miguu uikate mifupi kabisa, kisha tia gundi ya moto zisitikisike.

Na hiyo ya mguu hasi ndo imenipa zawadi nyingine. Watengenezaji wa chipu wanasema ukitumia waya mmoja wa sauti, yaani RCA ya kawaida, mguu hasi usiushushe graundi pale pale kwenye chipu, upeleke ukashuke kule sauti inakotoka. Hawa jamaa wameushusha pale pale, kwenye kipande cha shaba kile kile kinachobeba mkondo wote wa spika. Mi nimeinua ncha ya graundi ya kapasita zile mbili nikavuta kawaya kembamba mpaka graundi ya voliumu. Kale kamlio ka ziiii kalikokuwa kanapanda na kushuka na mdundo kameisha. Wale mnaotaka kuiga mkae mkijua kwenye hii chipu waya hasi wa spika SIO graundi, nao unabeba sauti, usije ukaziunganisha hasi za kushoto na kulia pamoja au ukazigusisha na bati.

Voliumu nayo ina kisa. Herufi B maana yake inapanda sawasawa, A ndo ile inayopanda kwa namna sikio linavyosikia. Waliweka B kwa sababu ni rahisi kuipata. Kabla sijashusha geini ule mlango wa elfu 15 ulikuwa unaivuta B50K ikawa na tabia ya A kidogo, mlango ulipopanda elfu 60 ikarudi B kamili, kwa hiyo robo ya kwanza ikawa bado inakimbia. Kama umeipata A50K ya pande mbili weka, bei ni kama elfu 4. Usipoipata lehemu rezista ya 6.8k toka mguu wa kati wa voliumu kwenda graundi, kila upande yake, inafanana na A kwa kiasi cha kuridhisha na opampu inaimudu bila shida. Mi nimeishia kuweka A50K, na ile hali ya kushoto kuimba kabla ya kulia imepungua sana, haijaisha, hizi voliumu za bei rahisi pande zake mbili huwa hazilingani pale chini, anayetaka zilingane anunue voliumu ya kampuni ya Alps ambayo bei yake inaikaribia ampli yenyewe.

Kuhusu kubadilisha opampu naomba niseme wazi maana najua kuna watakaouliza. Kwenye boksi wameandika kwa majivuno kwamba opampu iko kwenye soketi unaweza kuweka unayotaka, na mtaani kuna watu wanauza opampu ya OPA2134 wanakwambia sauti itafunguka, jukwaa litapanuka, sijui waimbaji watasogea mbele. Nimeweka OPA2134, nikamwambia shemeji abadilishe mi nikiwa nimegeukia ukutani, sikuweza kutofautisha na yeye alipokaa kwenye kochi hakuweza. NE5532 ina kelele ndogo sana ya kwake na uchafu wake haufiki hata karibu ya ule wa spika za kawaida tulizonazo majumbani. Kama yako ni ya kweli iache. Hela ya OPA2134 nunua kapasita, na ubadilishe kale ka maikrofaradi 10 kanakoshikilia ile 8V ya opampu uweke 100, hapo utasikia tofauti hasa kama adapta yako ina mlio, kwa sababu mlio wa adapta unaingia kwa kupitia hapo na kuongezwa pamoja na wimbo. 100 inatosha, ukiweka 1000 opampu inachukua sekunde kadhaa kutulia kila ukiwasha.

Wenye kitochi cha 2G kinachopiga tititi tititi kwenye spika kabla simu haijaita, weka rezista ya 1k toka RCA kuingia ndani, halafu kapasita ya 220 pikofaradi kwenda graundi, mchezo umeisha.

Huduma sasa. Rezista zenyewe ni punje za mchele, mkono wangu na ile pasi ya kulehemu ya elfu 10 haviwezi. Usiipeleke kwa fundi redio mwenye pasi kubwa, atang'oa shaba ya bodi, peleka kwa fundi simu. Wale vijana wana darubini na mashine ya hewa moto, kazi ya kutoa 104 na kuweka 562 ni sekunde, nimelipa elfu 5 kwa rezista zote na alinishangaa kwamba ndo hivyo tu. Mwambie asielekeze hewa moto kwenye chipu yenyewe, na hitisinki (kile chuma cha kupoza) asiiguse, kwenye TPA3116 imegandishwa juu ya mgongo wa chipu, ukiinyanyua kwa nguvu unaondoka na chipu.

Kuhusu wati 200 zilizochapwa mbele ya boksi, wapuuzeni. Kuna wauzaji wanaitoa na adapta ya 12V ili washushe bei, kwa adapta hiyo unapata kama wati 9 kwa spika ya omu 8, basi. Kama utakuta yenye 12V dai upunguziwe, utanunua ya 24V mwenyewe. Hapo nyuma mahesabu yangu yote ni ya 24V, mwenye 12V ukingo wake ni kama 8.5V, na opampu nayo kwa ile 1k itabaki na voltu chache mno, kwake rezista hiyo ashushe iwe omu 100.

Bluetooth imebaki mbovu. Ukiichagua kuna ka mlio ka chini chini ambako hayo yote hayajakagusa, kale kamoduli kanachangia graundi na inputi na kananong'ona hata kikiwa hakipigi chochote. Nimekakatia umeme wake kwa swichi ndogo ya pembeni, natumia waya. Kwa anayeinunua kwa ajili ya Bluetooth tu, na hana mpango wa kufungua skrubu, hiyo 75 aongezee atafute sabufa ya kawaida yenye dhamana. Kwa mwenye spika nzuri za zamani zimekaa stoo na fundi simu jirani, chukua, ila ukifika dukani omba uiwashe bila wimbo, shusha voliumu sifuri, weka sikio kwenye spika, na mwambie muuzaji akufungulie bati uone kama kwenye soketi kuna opampu kweli maana nimeona moja soketi ipo tupu na waya umerukishwa.